Prado ya 2.7, dizeli ya 3.0 au 4.0: ipi itakufaa barabara zetu za Uganda?

Desemba iliyopita tulikwenda harusini Kisoro na magari mawili, tukatoka Bombo kabla ya adhana ya alfajiri. Mimi niliendesha Toyota Prado ya dizeli yenye injini ya lita 3.0, ile ninayoitumia kazini kubebea wageni. Shemeji yangu alikuja na yake ya petroli ya 2.7, nyeupe, iliyotoka bondi ya Nakawa (yadi ya magari yaliyotumika yanayoingizwa kutoka nje) miezi mitatu tu kabla ya hapo. Kila gari lilikuwa na watu saba, masufuria ya mama mkwe, magunia na mabegi juu ya keria. Mpaka Mbarara tulifuatana vizuri, hata mara mbili alinipita. Tulipotoka Kabale na kuanza kupanda kuelekea Kanaba, nikawa namwona kwenye kioo akizidi kuwa mdogo, mpaka kona moja ikammeza kabisa.

Nikasimama pembeni kumngoja. Nilisikia gari lake kabla ya kuliona: injini inalia kwa sauti ya juu, inashuka ghafla, inalia tena. Alipofika alishuka akafungua boneti, akashika kiuno.

"Shemeji, nimeuziwa gari bovu?"

Gari halikuwa bovu. Niliingia nikakaa kwenye usukani wake, nikaendesha kilomita kumi zilizofuata. Mshale wa mizunguko, unaoonyesha injini inazunguka mara ngapi kwa dakika, ulikuwa ukiruka kutoka 2,500 hadi 4,500, gia ikishuka na kupanda yenyewe kila baada ya kona. Lilikuwa gari zima lenye mzigo mkubwa kuliko pumzi yake mahali pale. Tangu siku hiyo nimeulizwa swali hilihili na watu wengi wanaotaka kununua gari kubwa, ndiyo maana naliandika lote mahali pamoja.

Nitazungumzia Prado zaidi, kwa sababu ndilo gari kubwa ninalolijua kwa mikono yangu, na kwa sababu bodi moja inakuja na injini tofauti kabisa. Hapo ndipo unaona wazi injini inafanya nini, maana uzito ni karibu uleule, zaidi ya tani mbili kabla hujapanda wewe na watu wako.

Namba ya cc inasema nini hasa

Mtu akiingia bondi swali lake la kwanza ni "cc ngapi?" Si swali baya, lakini peke yake linapotosha. Cc ni ukubwa wa silinda zote zikijumlishwa, yaani hewa kiasi gani injini inaweza kumeza kwa kila mizunguko miwili. Kinachokusukuma mgongo kwenye kiti ni nguvu ya kuvuta, ile inayopimwa kwa Newton-mita, na jambo kubwa zaidi ni nguvu hiyo inakuja mshale ukiwa wapi.

Petroli ya 2.7, ambayo mafundi huiita 2TR, ina nguvu za farasi zipatazo 163 na inavuta Newton-mita 246. Lakini huo mvuto wote unaupata mshale unapokaribia 4,000. Dizeli ya 3.0, ile 1KD, ina farasi kati ya 171 na 190 kutegemea mwaka na soko ilikouzwa, tofauti ambayo kwenye karatasi haitishi. Ila inavuta Newton-mita 410 au 420, na inaanza kuzitoa mshale ukiwa 1,600 tu, kabla hata injini haijapaza sauti. Petroli ya 4.0 yenye silinda sita, 1GR, inafika farasi 276 na Newton-mita 380, nazo zinakamilika mshale ukipita 4,000, ingawa hata chini ya hapo ina nguvu ya kutosha kulisogeza gari bila shida.

Kwa hiyo dizeli ya 3.0 inavuta zaidi ya petroli ya 4.0, tena mapema zaidi. Mtu anayetazama cc peke yake hawezi kuliona hilo.

Mfano mwingine uko barabarani kila siku: Land Cruiser hardtop, yale magari ya mashirika na ya serikali yanayokwenda Karamoja. Mengi yana dizeli ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita. Ukisikia 4.2 unadhani ni simba. Haina tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa, na nguvu zake ni farasi wapatao 131 na Newton-mita 285. Dizeli ya 3.0 yenye tabo inaishinda mbali. Watu wa Moroto na Kaabong wanaipenda kwa sababu nyingine kabisa: pampu yake ni ya kawaida, haina umeme mwingi, inavumilia mafuta ya jerikeni, na fundi wa kituo chochote anaijua. Uvumilivu ni sifa kubwa, lakini usiununue ukidhani umenunua mbio.

Hewa ya kwetu ni nyepesi

Hili halisemwi bondini, nami nalitilia mkazo kuliko mengine yote. Takwimu za kiwandani ni za injini inayovuta hewa ya usawa wa bahari. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Kabale ni karibu 2,000. Kapchorwa nako ni kulekule juu. Hewa ya Kampala ina msukumo pungufu kwa asilimia 13 hivi kuliko ya pwani, na ya Kabale pungufu kwa asilimia 20 na kidogo. Injini isiyo na tabo inavuta hewa iliyopo, basi nguvu inapungua karibu kwa kiasi hichohicho.

Piga hesabu. Ile 2.7 ya farasi 163 ikiwa Kampala imebaki na takriban 142. Ikiwa Kabale imebaki na kama 129. Gari la tani mbili na zaidi, ongeza watu saba na masufuria, farasi 129. Shemeji yangu hakuuziwa gari bovu. Alilipandisha mahali ambapo sehemu ya tano ya injini yake haikuwepo.

Petroli ya 4.0 nayo inapoteza, lakini inaanzia juu: Kabale bado ina farasi kama 218, zaidi ya 2.7 ikiwa ufukweni Mombasa. Dizeli yenye tabo inasukumiwa hewa kwa nguvu, hivyo kwenye miinuko yetu haipungui sana. Mtu wa Dar es Salaam akikuambia 2.7 inamtosha, anasema kweli, ila barabara zake na hewa yake si zako.

Mjini: hapa 2.7 haina deni

Nisiionee. Kutoka Bombo kwenda Kampala asubuhi, ukishapita Matugga unaingia kwenye jamu ya Kawempe na Bwaise, na hapo mwendo ni wa mguu mmoja kwenye breki. Unasogea mita tano, unasimama, bodaboda wanne wanapita mbele yako, unasogea tena. Farasi 276 hazina kazi hapo. Petroli ya 2.7 inaondoka taratibu, haitetemeki, haina kelele ndani, na ukikanyaga kidogo inajibu kidogo. Kwa mama anayepeleka watoto shule na kurudi sokoni, ndiyo injini tulivu kuliko zote tatu.

Dizeli ya 3.0 ina kasoro yake mjini. Baada ya tuta unapokanyaga, kuna nusu sekunde ambayo hakuna kitu, tabo bado haijaamka, kisha nguvu yote inakuja kwa pamoja. Ukiwa umezoea petroli, wiki ya kwanza utawatikisa abiria. Unajifunza kukanyaga mapema na kwa upole. Kelele yake ya asubuhi ikiwa baridi majirani wataisikia.

Kubwa zaidi ni masizi. Dizeli nyingi za 3.0 zilizotoka Uingereza, na zile za 2.8 kutoka Japani, zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Kichujio hicho hujisafisha kwa joto, na joto linapatikana gari likitembea mwendo wa barabara kuu kwa muda. Gari la dizeli linalozunguka Ntinda, Wandegeya na nyumbani tu, kilomita nne nne, litaziba. Kama maisha yako yote ni ndani ya jiji, hiyo pekee ni sababu ya kuchukua petroli. Kama unamiliki dizeli tayari, ipeleke barabara ya Entebbe ile ya kulipia mara moja kwa wiki au mbili, nusu saa bila kusimama. Ada yake ni shilingi 5,000 kwa gari dogo, na hata Prado inahesabiwa humo.

Mafuta kwa hesabu yangu mwenyewe, kwa miaka niliyojaza magari haya na kuandika kwenye daftari: kwenye safari ya mjini, 2.7 inanipa kilomita 6 hadi 7 kwa lita, dizeli ya 3.0 inanipa 9, na 4.0 inanipa 5, siku mbaya hata chini yake. Kwenda na kurudi Bombo hadi mjini ni kama kilomita 70. Siku tano za kazi ni 350. Hiyo ni lita 54 kwa 2.7, lita 39 kwa dizeli, lita 70 kwa 4.0. Tofauti ya lita 31 kila wiki kati ya dizeli na 4.0 ni ya kukaa chini na mke au mume wako mkaizungumza kabla hamjalipa.

Kupita trela

Barabara ya Gulu, ya Masaka, ya Jinja kupitia Mabira, zote ni njia moja kwenda na moja kurudi kwa sehemu kubwa. Trela limebeba saruji, linatambaa, nyuma yake magari kumi. Hapa ukubwa wa injini unakuwa suala la uhai.

Nimehesabu mara nyingi, kwa sauti, abiria wakinisikiliza: kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 100, gari likiwa na watu watano na mizigo. Prado ya 2.7 inanichukua sekunde 11 au 12. Dizeli ya 3.0 kama 9. Ile ya 4.0 kama 6. Tofauti ya sekunde sita inaonekana ndogo ukiisoma. Zigeuze sekunde kuwa mita. Kwa wastani wa kilomita 80 kwa saa unakwenda mita 22 kila sekunde, kwa hiyo sekunde 12 ni mita 265 hivi upande usio wako. Anayekuja mbele kwa kilomita 100 kwa saa, ndani ya sekunde hizohizo amekwenda mita 330. Unahitaji karibu mita 600 za barabara tupu unayoiona kwa macho yako. Kwa 4.0 unahitaji nusu yake.

Ni sehemu ngapi za barabara ya Fort Portal unaona mita 600 mbele? Ndiyo maana mwenye 2.7 lazima awe na subira kuliko mwenye 4.0. Lazima akubali kukaa nyuma ya trela dakika kumi mpaka kilima kiishe. Nilipomfundisha shemeji, nilimwambia jambo moja: usianze kupita ukiwa gia ya juu. Shusha gia kwa mkono kwanza, subiri mshale ufike 3,500, kisha toka. Gari lilelile linakuwa jingine. Prado za 2.7 za otomatiki za kabla ya 2015 zina gia nne tu, na pengo kati ya gia na gia ni kubwa, ndiyo maana kule Kanaba ilikuwa ikirukaruka. Za kuanzia katikati ya 2015 zina gia sita, na kwa injini hiihii tofauti unaihisi kwenye kilima cha kwanza. Kama bajeti yako inafika huko, ongeza pesa upate gia sita kabla ya kuongeza kwenye rimu au viti vya ngozi.

Jambo lililonishangaza safari ile ya Kisoro ni mafuta. Tuliporudi, 2.7 ya shemeji ilikuwa imekula zaidi ya lita moja kwa kila kilomita 7. Mwenzangu wa kazini aliyepita njia hiyohiyo mwezi uliotangulia na 4.0, akiwa na mzigo kama huo, alipata karibu sawa. Injini ndogo ikilazimishwa kukanyagwa hadi chini kwa saa nyingi, kompyuta yake inaongeza petroli ili isichemke kupita kiasi, na akiba yote inapotea. Udogo wa injini unaokoa mafuta pale tu kazi inapokuwa ndogo.

Zinatoka wapi, na zinaugua nini

Ukiona bondi imejaa 2.7 usidhani ni bahati. Prado ya umbo la 2009 iliuzwa Japani kwa petroli tu, 2.7 na 4.0, mpaka 2015 walipoleta dizeli ya 2.8 na kuiondoa 4.0. Dizeli ya 3.0 ya umbo hilo nyingi utakayoikuta imetoka Uingereza, au iliuzwa mpya hapahapa. Utaijua ya Uingereza kwa spidomita: namba kubwa ni maili. Lala chini uangalie chasi yake kwa tochi, kwa sababu kule barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi na chuma hupata kutu. Nimeona chasi inayoonekana nzima kwa juu, ukigonga kwa spana pale nyuma karibu na springi inatoa maganda.

Na ukumbuke sheria: sheria ya 2018 ilikataza gari lenye miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa kuingia nchini, na kwa yanayoruhusiwa ada ya mazingira inapanda na umri. Hizi 4.0 za Japani ziliisha 2015, basi kila mwaka zinazoweza kuingia zinapungua.

Petroli ya 2.7 haina mengi ya kuugua. Ina cheni ya taiming, ile inayozungusha vali kwa wakati wake, haina tabo, haina pampu ya mafuta ya bei mbaya. Oili kwa wakati, plagi, filta, inakwenda. Ya 4.0 nayo ni imara, cheni pia, ila plagi ni sita na kila kitu kimebanana.

Dizeli ya 3.0 ndiyo inayotaka mwenye nidhamu. Ina mkanda wa taiming unaobadilishwa kati ya kilomita 100,000 na 150,000. Ukikatika njiani, injini inaharibika ndani. Vioshi vya shaba, zile pete ndogo za kuziba chini ya nozeli zinazonyunyizia dizeli, vikivuja, moshi wa silinda unaingia kwenye oili, oili inakuwa lami, na lami inaziba mdomo wa pampu ya oili. Hapo injini inakufa bila kukuaga. Mimi nilikaribia kuipoteza moja hivyo. Gereji moja ilinibadilishia nozeli na kurudisha vioshi vya zamani, nikaja kugundua kwa harufu ya oili na sauti ya tiki-tiki asubuhi. Tangu hapo nasimama pale pale fundi akifungua, na vioshi vipya nanunua mwenyewe. Mafuta nayo jaza kwenye vituo vyenye wateja wengi, na mwaga maji ya filta kabla ya safari ndefu.

Ile 2.8 mpya inavuta Newton-mita 450, na kuanzia 2020 ikafika 500, ina cheni badala ya mkanda, na gia sita. Ni injini nzuri sana kwa miinuko yetu. Ila ya Japani ina tangi la pili dogo la AdBlue, maji ya urea ya kusafisha moshi, na likiisha ukazima gari, haliwaki tena mpaka ulijaze. Uliza kabla ya kununua, na beba galoni ya akiba ukienda mbali.

Mimi ningechukua ipi

Kama unaishi na kufanya kazi Kampala, na kijijini kwenu ni Masaka, Jinja, Luweero au Mukono, chukua 2.7 bila kuona haya, na utafute ya gia sita. Kama kila mwezi unapanda Kabale, Kisoro, Kapchorwa au Bundibugyo, au unakwenda Arua na familia nzima, chukua dizeli, 3.0 au 2.8, lakini kwa sharti kwamba unayo pesa ya huduma iliyotengwa pembeni kila mwezi. Ya 4.0 naipenda kuiendesha kuliko zote, sauti yake na utulivu wake kwenye kilima, na kwa anayebeba wageni wanaolipia mafuta inafaa. Kwa familia inayohesabu shilingi, hapana.

Unapokwenda kujaribu gari Nakawa, usikubali kuzungushwa kwenye tambarare ya Jinja Road peke yako na muuzaji. Nenda na watu wanne wazima. Washa kiyoyozi. Panda Mbuya, hapo jirani, na katikati ya mlima simama kabisa, kisha ondoka tena bila kukanyaga hadi chini. Tazama mshale. Dizeli nzima itaondoka ukiwa chini ya 2,000. Ya 2.7 itataka 3,000 na zaidi, hiyo ni kawaida yake. Ikifika 4,500 na gari bado linatambaa, au gia inapiga kishindo ikibadilika, shuka kwa miguu na umrudishie ufunguo.

Shemeji bado analo jeupe lake. Alitoa keria, akaacha masufuria, na safari ya Iddi alipanda nasi kwenye dizeli, watu sita, yeye kiti cha mbele, macho kwenye mshale njia nzima.